Kidoti cha Upande wa Kulia

Mtu wa kwanza niliyempamba peke yangu, bila mama kunisimamia, alikuwa amefariki siku tatu kabla. Siku ya tano alikuja saluni kwetu, akasimama nyuma ya kiti cha bibi harusi.

Najua unachofikiri. Hata mimi ningesoma hivi ningesema huyu dada kavuta nini. Lakini tulia nikusimulie, maana jambo hili limenikaa kifuani miaka sita na leo nalitua.

Wakati ule nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimemaliza mtihani wa mwisho wa sekondari, nipo nyumbani nasubiri matokeo, na kila mtu mzima aliyepita mlangoni kwetu alikuwa na swali lile lile. Sasa utafanya nini?

Kwa mama, jibu lilikuwa limeshapatikana zamani. Yeye ni mpambaji wa maharusi. Saluni yake ina viti vitatu, feni moja inayolalamika kutwa nzima, na kioo kinachofunika ukuta kutoka kona hadi kona. Kwa sababu ya kioo hicho wateja humwita Bi Kioo, na yeye jina hilo analipenda kuliko la kuzaliwa.

Alishamwambia hata mchora mabango aongeze maneno mawili juu ya mlango: "na Binti".

Mama alianza kunifundisha nikiwa bado nacheza kombolela. Sheria yake ya kwanza ilikuwa hii: bibi harusi usimpambe ukimtazama usoni. Simama nyuma yake, umtazame kwenye kioo.

"Yeye mwenyewe hajawahi kujiona uso kwa uso," alikuwa akisema. "Anajijua kwa kioo na kwa selfi. Ukimpamba unavyomwona wewe, atakwambia umemharibu. Mpambe anavyojijua yeye."

Nikaishika sheria hiyo mpaka ikaingia kwenye damu. Kumbuka hapo, tutaparudia.

Sasa upande wa pili wa habari ni mjomba, kaka yake mama, mhudumu wa mochwari katika hospitali kubwa. Mtu mpole, ananukia sabuni muda wote, na utani wake ni mmoja tu miaka yote: "Wateja wangu mimi hawajawahi kulalamika."

Mama alimpenda kaka yake, usinielewe vibaya. Ila nyumbani mjomba alikuwa na kikombe chake cha peke yake, cha bati, rangi ya bluu, kimetundikwa kwenye msumari karibu na dirisha la jikoni. Hakuna mwingine aliyekigusa. Mjomba mwenyewe alikitungua, akanywea, akakiosha na kukirudisha, na siku zote alifanya hivyo huku anacheka.

"Bibi harusi akisikia kuna mkono humu umetoka mochwari," mama alikuwa akisema, "tutabaki tunapepewa na feni."

Mimi nilikuwa na siri. Kazi ya mjomba ilinivuta. Sijui nieleze vipi ili nisionekane nina walakini, lakini kila alipokuja nilimwuliza maswali mpaka chai inapoa. Yeye ndiye aliyeniambia kwamba kuna chuo cha afya kinafundisha kazi ile kwa miaka miwili, na fomu aliniletea. Niliificha chini ya godoro, kama wenzangu walivyoficha barua za wavulana.

Jumatano moja mchana akanipigia simu.

"Uko peke yako?"

"Mama ameenda kununua vitambaa. Kuna nini mjomba?"

"Nina mama mmoja hapa, ajali ya gari, tangu Jumapili. Shavu la kushoto limekwenda lote na lami. Kumsafisha nimemsafisha, ila uso unanishinda. Watoto wake wanakuja kesho kumuaga." Akashusha sauti. "Sitaki wamkumbuke hivi. Njoo na vifaa vyako. Mama yako asijue."

Nilitoka mbio na mkoba wa brashi kabla hajabadili mawazo.

Mochwari kulikuwa na vigae vyeupe, baridi inayoingia kwenye meno, na mlio wa majokofu usiokatika. Nilitegemea kuogopa, nikashangaa sikuogopa. Mjomba alisimama kando ya meza, akainamisha kichwa kabla ya kufunua shuka.

"Habari za mchana, mama," alimwambia marehemu. "Nimekuja na mpwa wangu. Ana mkono mzuri, usiwe na wasiwasi."

Halafu akanigeukia. "Hapa hatumgusi mtu kabla hatujamwambia tunataka kufanya nini. Mwambie."

Nikainama karibu naye. "Samahani mama. Naanza na shavu."

Familia ilikuwa imeacha picha, imechapwa upya na kukuzwa. Mwanamke wa makamo, nywele amezigawa upande, anatabasamu, na shavuni ana kidoti cheusi cha kuzaliwa nacho, kidogo, cha kupendeza. Nikaiegemeza picha juu ya kifua chake na kuanza kazi.

Nilijaza shavu kwa nta, nikalisawazisha na kijiko, nikapaka rangi tabaka kwa tabaka mpaka jeraha likapotea. Nywele nikazigawa kama kwenye picha. Kidoti nikakiweka mwisho kabisa, shavu la kulia, kwa ncha ya wanja.

Saa mbili zilipita sikujua zimepita. Mjomba alimtazama marehemu, akaitazama picha, akatoa leso na kujifuta macho.

"Hii ndiyo kazi," akasema.

Nilirudi nyumbani nikiwa nimeshaamua kuijaza ile fomu.

Kesho yake kimenuka.

Mjomba alinisimulia baadaye. Ndugu waliingia mmoja mmoja kuaga. Alipofika kijana mkubwa wa marehemu, mwanamume wa miaka kama thelathini hivi, aliinama, akatazama, akarudi nyuma hatua mbili.

"Huyu siye mama yangu."

Wakadhani ni uchungu. Wakamshika mabega. Lakini shangazi mtu naye akasogea, akatazama, akaanza kutikisa kichwa. Vitambulisho vilikuwa sawa, lebo ya mguuni ilikuwa sawa, nguo walizileta wao wenyewe. Walimzika. Kijana hakutupa hata konzi moja ya udongo, na kutoka makaburini alikwenda moja kwa moja kwa mkuu wa hospitali akasema mochwari wamebadilisha maiti.

Ijumaa asubuhi mjomba akasimamishwa kazi. Kamati ingekaa baada ya wiki mbili, na familia ilikuwa inaomba kibali cha kufukua kaburi.

Ijumaa hiyo hiyo, saa nne asubuhi, nilikuwa saluni, nimesimama nyuma ya bibi harusi, nampaka poda. Nikainua macho kwenye kioo.

Alikuwa amesimama nyuma yangu.

Nywele zimegawanywa, tabasamu lile lile la kwenye picha, kidoti mahali pake. Niligeuka haraka. Hapakuwa na kitu ila magauni yaliyotundikwa. Nikatazama tena kioo na kumkuta palepale, anatabasamu. Kopo la poda likanitoka mkononi.

"Wewe mtoto," mama akasema, "umekunywa chai kweli leo?"

Nikasema kichwa kinaniuma.

Kuanzia siku hiyo, kila niliposimama nyuma ya kiti, naye alisimama. Hakunikodolea macho, hakunitolea meno, hayo mambo ya kwenye sinema hakuyafanya. Alisimama tu kama mtu aliye kwenye foleni, na huko kusubiri kwake ndiko kulikonikosesha raha. Chakula kikawa hakipandi. Nilianza kupiga mswaki nimefumba macho.

Nilijifariji kwa jambo moja. Niliyemwona kwenye kioo alifanana kabisa na picha, na mimi nilimpamba kama picha. Basi kazi yangu ilikuwa sahihi, na yule kijana amechanganyikiwa na msiba. Nililala kwa maneno hayo siku nne.

Jumanne akaja mteja amevaa fulana yenye maandishi makubwa kifuani. Nikawa naisoma kwenye kioo, haisomeki. Herufi zimegeuka, ya mwanzo imekuwa ya mwisho.

Jambo la kawaida kabisa, nimeliona maisha yangu yote. Lakini siku hiyo nikaikumbuka ile picha ya marehemu.

Niliomba ruhusa, nikaenda chooni na mkoba. Mjomba alikuwa ameniachia ile picha, nayo ilikuwa mle. Nikaikagua safari hii pembeni, nyuma ya yule mama, mahali ambapo sikuwahi kupatazama. Ukutani kulikuwa na kalenda. Tarakimu zake zote zilikuwa kinyume.

Ilikuwa selfi. Simu ilikuwa imemgeuza kama kioo kinavyogeuza, na mimi niliyelelewa mbele ya kioo sikuona tofauti yoyote.

Niliielekeza kwenye kile kioo kidogo cha chooni. Kalenda ikasomeka vizuri. Na kidoti kikahamia shavu la pili.

Alizaliwa nacho upande wa kushoto, kwenye shavu lililokwenda na lami. Mimi nikampa kingine kulia, na nywele nikazigawa upande usio wake. Yule kijana alimtazama mama yake miaka thelathini uso kwa uso, halafu nikamlazia kwenye jeneza mtu aliyegeuzwa. Alikuwa na haki ya kurudi nyuma.

Nilipoinua macho, alikuwa ndani ya kioo hicho kidogo, begani kwangu. Polepole akainua mkono wake wa kushoto, akaligusa shavu la kushoto. Nilikaa chini sakafuni nikalia kimya kimya, maana nje kulikuwa na wateja.

Utasema si ungekwenda tu kusema? Rahisi kuongea. Nikisema, lazima niseme nilikuwa mochwari, na mikono hii hii nikairudisha kwenye nyuso za maharusi. Maneno ya saluni hayahitaji gari. Kufika jioni mji mzima ungejua, na mama angebaki na feni yake. Nisiposema, mjomba anapoteza kazi ya miaka ishirini na moja, na yule mama anafukuliwa kwa kosa la wanja wangu.

Jumatano mjomba akaja kunywa chai. Alitungua kikombe chake cha bluu, akakaa. Mama alipotoka kidogo, nikamweleza yote kuhusu kidoti.

Alikiweka kikombe chini.

"Kumbe," akasema. "Nilijua kuna kitu, nikashindwa kukijua."

"Kwa nini hujawaambia ni mimi niliyempamba?"

"Nikitaja kidoti wataniuliza nani alikiweka, maana wote pale wanajua uso ule mimi nisingeuweza. Niseme nilimwingiza mtoto wa shule mle ndani? Na saluni ya mama yako ife?" Akakiosha kikombe, akakirudisha kwenye msumari. "Niache mimi. Wewe nenda kwenye maharusi. Huko watu wanacheka."

Siku hiyo hakucheka hata kidogo.

Wiki iliyofuata, Alhamisi, siku moja kabla ya kamati, saluni ilijaa. Bibi harusi mmoja kitini, amepakwa nusu uso, wapambe wake wanne wanapiga soga, na shangazi yao anatoa amri kwa kila mtu. Akaingia msichana mwembamba, amevaa nguo nyeusi.

"Nimekuja kuahirisha," akamwambia mama. "Mama yangu ndiye aliyekuja kuweka nafasi, miezi mitatu iliyopita. Amefariki."

Mama alifungua daftari la miadi, akaliona jina, akalifunga polepole. "Pole sana mwanangu. Kaa kidogo upumzike."

Msichana akakaa kwenye kiti cha pembeni kilichokuwa wazi, mbele ya kioo. Nikamwona yule mama akitoka nyuma yangu. Kwa mara ya kwanza aliniacha. Alisogea ndani ya kioo mpaka nyuma ya kiti cha yule msichana, akaweka mikono kichwani kwake, vidole vikawa vinatembea kana kwamba vinasuka.

Msichana hakuona kitu. Ila aliinamisha kichwa kidogo, kama mtu anayesukwa.

Nikashindwa kuendelea. Brashi nikaiweka mezani.

"Dada," nikasema, "mama yako nilimpamba mimi. Kule mochwari. Kidoti nilikiweka upande usio wake."

Feni tu ndiyo iliyosikika.

Nilieleza kila kitu, picha, kalenda, mjomba, nikisema haraka haraka nisije nikapata nafasi ya kujuta. Kabla sijamaliza, bibi harusi alikuwa ameshasimama na nusu uso wake, anajipangusa kwa mtandio.

"Mikono hiyo hiyo?" akauliza shangazi yao. "Mikono hiyo hiyo uliyomshika nayo mtoto wetu?"

Nikakubali. Wakatoka wote, mmoja akasahau kiatu na hakurudi kukichukua. Mama alibaki ameshika daftari.

Msichana alikuwa ananitazama kwenye kioo.

"Kaka anasema si mama," akasema taratibu. "Shangazi anasema si mama. Mimi nilisema ni yeye, wakaniambia nimerukwa na akili. Karibu niwaamini."

Akafuta machozi kwa kiganja.

"Mama alinisuka kila Jumapili tangu nina miaka mitatu. Ananikalisha mbele ya kabati lenye kioo, yeye nyuma yangu. Huko ndiko tulikokuwa tunaongelea, ndani ya kioo. Siku ile nilipomwona kwenye jeneza, nilimwona kama ninavyomjua. Sikuelewa kwa nini wenzangu hawamwoni."

Nilitazama kioo. Nyuma yake hapakuwa na mtu.

Mchana huo huo tulikwenda naye kwa kaka yake, mimi na picha yangu mkononi. Yule kijana hakunifokea. Aliipeleka picha kwenye kioo cha sebuleni, akaishika pale muda mrefu sana, akiangalia kidoti kikiwa mahali pake. Halafu akakaa chini na kulia kwa sauti, mwanamume mzima. Jioni akaenda peke yake makaburini, na dada yake aliniambia alirudi na udongo mikononi.

Kaburi halikufukuliwa. Mjomba alirudishwa kazini na barua ya onyo kwa kuniingiza. Aliiweka ukutani kwenye fremu, anasema ndicho cheti chake pekee.

Saluni ilipigwa vibaya. Miezi minane tulikuwa tunawasha feni ya kazi gani sijui. Maneno "na Binti" mama aliyafuta mwenyewe kwa brashi ya rangi, amesimama juu ya stuli, na mimi nilimshikia stuli hiyo nikiwa nataka ardhi inimeze.

Kwa siku tatu baada ya kukiri kwangu pale saluni, mama hakuongea na mimi. Siku ya nne aliniita jikoni. Alikuwa amemimina chai. Nilitazama vikombe, nikijua kabisa kwamba kuanzia leo na mimi nitapigiwa msumari wangu.

Mama akatungua kikombe cha bluu. Akakinywea yeye.

"Yule mama," akasema bila kunitazama. "Nilianza kumwona ile Ijumaa ulipoangusha poda."

"Na wewe ulimwona?"

"Nilimkumbuka, si alikuja mwenyewe kuweka nafasi ya binti yake. Na kifo chake nilishakisikia. Nilimwona kila siku, amekusimamia wewe tu. Nikanyamaza, nikisema wateja wasisikie." Akakishika kikombe kwa mikono miwili. "Nilidhani amekuja kukuchukua mwanangu. Usiku nilikuwa nalala mlangoni kwako."

Nilikwenda chumbani, nikaitoa fomu chini ya godoro, nikaiweka mezani mbele yake. Alisoma mstari kwa mstari. Halafu akatafuta kalamu, akatia sahihi pale panapohitaji mzazi.

Kwa hiyo, ndiyo, alikuja kunichukua, na amenichukua. Leo nina mwaka wa nne katika chumba kile cha vigae vyeupe, meza ya pili kutoka kwa mjomba. Nikipokea picha huwauliza ndugu kwanza nani aliipiga, na mfukoni nina kioo kidogo cha kuhakikisha.

Kama unasoma hapa una miaka kumi na saba, na nyumbani wanakuvuta huku, moyo unakuvuta kule, sina ushauri mwingi. Watu watakwambia uangalie ni kazi gani unaiweza. Mimi nakwambia angalia ni kosa la kazi gani ambalo huwezi kulala mpaka ulirekebishe. Maharusi nimewaharibu wengi tu, na nililala fofofo.

Bado namwona mara moja moja, ninapotoa kile kioo mfukoni. Anapita nyuma yangu, anatazama niliyemlaza mezani, anatazama kazi.

Kidoti chake kiko kushoto. Namwambia habari za mchana, mama, halafu namwambia ninachotaka kufanya.